Mke wangu ana MND, kila asubuhi kichwa kinamgonga. Tumepewa mtungi wa oksijeni, nimwashie?

#1 Mkesha

Wakuu, salaam. Mimi humu ni msomaji wa kimyakimya, leo nimelazimika kuandika.

Mke wangu ana miaka 52. Ana huu ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, MND, ile aina inayoitwa ALS. Ulianzia mkono wa kulia, vidole vikashindwa kufunga vifungo vya nguo. Sasa ni mwaka na nusu. Anatembea kwa kushikwa, anameza bila shida kubwa, sauti ipo ila imepungua nguvu. Sentensi ndefu anaigawa mara mbili.

Kinachonileta ni usiku. Kwa wiki kama sita usingizi wake umeharibika. Anaweweseka, anaota anazama majini, anashtuka saa nane na kuniambia "nikalishe". Alianza na mto mmoja, sasa mitatu, na bado haitoshi. Asubuhi anaamka kichwa kinagonga, ikifika saa nne kinaacha chenyewe bila dawa. Mchana anasinzia hata mtu akiwa katikati ya kuongea naye. Hamu ya kula imeshuka.

Cha ajabu, ukimuuliza kama anakosa pumzi anasema hapana. Kipima oksijeni cha kidoleni mchana kinasoma 95. Daktari wa zamu tuliyemkuta mara ya kwanza alisema ni msongo wa mawazo, akaandika dawa ya usingizi. Tuliporudi tukapewa mtungi wa oksijeni wa nyumbani, tumwekee usiku. Uko hapa kando ya kitanda, sijaufungua. Kuna kitu kinanikataza moyoni. Niwashe au nisiwashe?

#2 Mshauri_Huru

Mkuu, oksijeni ni uhai, washa tu. Mtu amekosa hewa anapewa hewa, kuna hesabu gani hapo? Weka lita 4 alale vizuri, mengine mtauliza kesho.

#3 FizioMstaafu

Ndugu yangu wa #2, najua umeandika kwa nia njema, lakini ushauri huo unaweza kumlaza mama wa watu asiamke.

Mkesha, mtungi usiufungue, na kabla ya kumpa ile dawa ya usingizi mpigie daktari wake wa neva leo hii, usingoje tarehe ya kliniki. Mwambie hivi: "Nadhani usiku hapumui vya kutosha." Atakuelewa.

Mimi nimefanya fiziotherapia ya kifua mpaka nikastaafu, na jambo hili nimelieleza kwa familia nyingi sana. Mapafu ya shemeji hayaumwi. Ni mazima. Kinachochoka ni pampu, yaani misuli inayoyavuta yafunguke. Mkubwa wao ni dayaframu, msuli mpana uliokaa kama mwavuli kati ya kifua na tumbo. Neva yake inatoka shingoni, usawa wa pingili ya tatu hadi ya tano, na MND inaila kama ilivyokula ya mkono. Mchana akiwa amekaa, misuli midogo ya shingo na ya katikati ya mbavu inasaidia kubeba mzigo. Usiku, ukiingia kwenye usingizi wa ndoto, mwili unailegeza misuli hiyo yote ili usirushe mateke unapoota. Inabaki dayaframu peke yake. Ikiwa nayo ni dhaifu, pumzi inakuwa fupi, ya juujuu, na kaboni dayoksaidi iliyopaswa kutoka inabaki kwenye damu. Inatanua mishipa ya kichwani, ndiyo hicho kichwa cha asubuhi. Akikaa wima akapumua saa kadhaa, inapungua, kichwa kinaacha. Ndoto za kuzama, kushtuka, kusinzia mchana, kukosa hamu ya kula: mama yao ni mmoja.

Sasa oksijeni. Ukimwongezea bila kuisaidia pampu, kidole kitasoma 98, wote mtafurahi, na huku kaboni inapanda. Mwili uliozoea kaboni nyingi hauishtukii tena. Kinachobaki kuukumbusha upumue ni upungufu wa oksijeni. Ukiuziba upungufu huo, unauondolea ukumbusho wake wa mwisho. Namba inapendeza, mgonjwa analewa hewa chafu. Kile kipima cha kidoleni hakijui lolote kuhusu kaboni. Ukitaka kuijua unapima gesi za damu. Na dawa za usingizi nazo zinazidi kuilegeza pumzi.

Sisemi oksijeni ni sumu kwa kila mgonjwa wa MND. Akipata nimonia anaweza kuihitaji, lakini pamoja na mashine ya kupumulia na huku kaboni inapimwa. Hii ya kuambiwa "mwekee usiku" bila kipimo hata kimoja ndiyo ninayoikataa.

Omba vipimo hivi: spirometa akiwa amekaa na tena akiwa amelala chali, kipimo cha kunusa kwa nguvu, nguvu ya kikohozi, gesi za damu, na kile cha kidoleni cha kurekodi usiku kucha.

#4 Mkesha

Mzee, nimesoma nikakaa chini. Nimempigia daktari wa neva, ameniambia maneno yaleyale, mtungi usiguswe. Vipimo ni keshokutwa.

Ila kuna kitu sielewi. Kama pampu imechoka kiasi hicho, mbona mwenyewe hajisikii kukosa pumzi?

#5 Jicho_Linaandika

Naandika kwa macho, herufi moja moja. Nisameheni ufupi.

Nina ALS mwaka wa tano. Mimi pia nilisema sikosi pumzi. Ukiwa hutembei, hupandi ngazi, hubebi kitu, utakosaje pumzi? Mwili haukudai hewa nyingi. Nilikuja kugundua siku mbili tofauti. Kwanza, nilipolazwa chali kwa kipimo cha mgongo: dakika moja tu nikaona kifua kimekaliwa na mtu. Pili, nilipoingizwa kwenye maji ya mazoezi, yakafika kifuani, nikaomba nitolewe. Maji yanasukuma tumbo, tumbo linasukuma dayaframu, na yangu ilikuwa haina nguvu ya kusukuma nayo.

Usimuulize "unakosa pumzi?" Muulize "unaweza kulala chali?"

#6 kimya_kimya2

Nafuatilia. Baba mkwe naye anaota maji kila siku. Sikujua.

#7 Mkesha

Mrejesho wa vipimo.

Spirometa ni bomba la kuweka mdomoni, puani unabanwa na kibanio. Unavuta hewa mpaka mwisho halafu unaitoa yote kwa nguvu, na yule binti anayepima anapiga kelele kama yuko uwanjani: "Toa, toa, toa, endelea, bado, bado!" Mke wangu akacheka, ikabidi waanze upya. Akiwa amekaa alitoa lita 1.9, wakasema ni asilimia 63 ya anayotarajiwa mwanamke wa umri na urefu wake. Kisha wakamlaza chali. Akatoa 1.3. Yule binti hakupiga kelele tena, aliandika tu.

Kipimo cha kunusa: kizibo kidogo tundu moja la pua, kina mrija, halafu unanusa mara moja kwa ghafla kama mtu aliyesikia harufu. Alifanya mara kumi hivi. Kikubwa kilichopatikana ni 38. Kaboni ya damu 6.4. Usiku kipima kilirekodi oksijeni ikishuka mara kwa mara, hasa kuelekea alfajiri.

Wamesema anaanza mashine ya kupumulia usiku wiki hii. Naombeni mnifafanulie hizi namba, pale kliniki nilikuwa naitikia tu kwa kichwa.

#8 FizioMstaafu

Wengi wetu huitikia kwa kichwa mbele ya daktari, usijali.

Kutoka 1.9 hadi 1.3 ni kupoteza karibu theluthi nzima kwa kulala tu. Mtu mwenye dayaframu nzima hapotezi hata kumi kwa mia. Ikizidi robo tunajua dayaframu imechoka. Ndiyo maana namba ya kukaa peke yake inadanganya. 63 ukiisoma harakaharaka utasema bado yuko vizuri.

Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016, unaotumika kama rejea hata kwingineko, unasema mgonjwa akiwa chini ya asilimia 50, au chini ya 80 na huku ana dalili, pumzi yake ichunguzwe na wataalamu na mashine izungumzwe. Kipimo cha kunusa kikishuka chini ya 40, hivyohivyo. Kaboni ikizidi 6 kwa kipimo cha kilopaskali, hapo si suala la kungoja, anaonwa ndani ya wiki. Shemeji amegusa yote matatu. Hicho cha kunusa mimi nakipenda kuliko spirometa, maana mtu ambaye midomo imelegea hawezi kulibana bomba, hewa inavujia pembeni, anaonekana mbaya kuliko alivyo. Pua haina shida hiyo.

Na vipimo hivi si vya mara moja. Kila miezi miwili au mitatu. Mteremko unaweza kuwa mkali kati ya kliniki na kliniki.

#9 Mshauri_Huru

Nakubali kukosolewa #3, nimejifunza. Lakini hoja yangu nyingine: akizoea mashine, misuli yenyewe si itakuwa mivivu kabisa? Mtu akipewa mkongojo anasahau kutembea.

#10 FizioMstaafu

Swali zuri, na wengi wanaichelewesha mashine kwa hofu hiyohiyo. Misuli ya MND haidhoofiki kwa kukosa kazi, inadhoofika kwa kukosa neva. Iliyobaki inafanya kazi ya ndugu zake waliokufa, inakesha bila kupokewa zamu. Usiku mashine inaipokea zamu, na mgonjwa anaamka na nguvu ya kupumua mwenyewe mchana.

Hata pasipo nadharia, lilifanyika jaribio. Mwaka 2006 watafiti wa Newcastle, Uingereza, walichapisha matokeo ya wagonjwa 41, nusu wakipewa mashine na nusu wakipewa huduma ya kawaida. Kwa wale ambao koo na ulimi havikuwa vimeharibika sana, waliokuwa na mashine waliishi zaidi kwa siku 205 ukichukua wa katikati. Linganisha na riluzole, dawa ya ALS, ambayo katika majaribio yake ya mwanzo iliongeza kama miezi miwili au mitatu. Na si siku tu. Usingizi na hali ya maisha vilibaki vizuri muda mrefu zaidi.

Wale ambao koo lilikuwa limeharibika sana hawakuongezewa maisha kiasi hicho, ila dalili za usiku zilipungua. Nalisema hili wazi ili mtu asije akaahidiwa kisichokuwepo.

#11 Mkesha

Usiku wa kwanza. Naandika saa kumi alfajiri.

Mashine ni ndogo kuliko nilivyofikiri, kama redio. Inasukuma hewa kwa nguvu mbili: kubwa anapovuta, ndogo anapotoa. Wamemwekea 10 na 4 kwa kuanzia, na idadi ya pumzi za akiba kwa dakika akisahau kuvuta mwenyewe. Maski inafunika pua na mdomo.

Dakika ya tatu akaanza kutingisha kichwa. Nikaitoa. Analia: "Inanipulizia kabla sijawa tayari." Tukajaribu tena, akaitoa. Mara ya tatu hewa ikavujia machoni, akafumba macho, nikakaza mikanda, ikavuja zaidi. Saa sita tukaacha. Amelala kwa mito mitatu kama jana. Kama hii ndiyo dawa yenyewe, sijui.

#12 Nesi_wa_Zamu

Mkesha pole sana, na kaka usikate tamaa kwa usiku mmoja. Kosa la kwanza ni kuanza usiku. Anza mchana, akiwa amekaa, anaangalia televisheni. Mwache ashike maski mwenyewe au wewe uishike kwa mkono usoni pake bila mikanda, dakika tano. Kesho kumi. Akishaona inatoka akitaka itoke, hofu inapungua. Lengo ni angalau saa nne kwa usiku, lakini halifikiwi siku ya kwanza.

Mikanda usiikaze. Najua mkono unawasha kukaza unaposikia hewa inavuja, ila maski hizi zina mto unaojaa hewa, ukikaza unaubonyeza mto unakunjamana, inavuja zaidi. Ilegeze, mashine ikiwa inapuliza ivute kidogo mbele usoni, uiachie ikae yenyewe, kisha kaza kidogokidogo pande zote mbili kwa pamoja. Vidole viwili vipite chini ya mkanda.

Angalia daraja la pua kila asubuhi. Likiwa jekundu na wekundu hauondoki baada ya nusu saa, omba maski ya aina nyingine, siku moja hii siku moja ile, ili mahali palepale pasibanwe kila siku. Kidonda pale kikishatokea utaikosa mashine wiki nzima.

Na hili nisikilize vizuri: mikono yake ina nguvu ya kuitoa maski mwenyewe? Kama haina, asiachwe peke yake na maski ya kufunika mdomo bila njia ya kukuita. Akitapika ndani ya ile maski na hawezi kuivua, ataivuta mapafuni. Ipo kengele inayobonyezwa hata kwa shavu au kwa kugeuza kichwa. Kama hafungui mdomo akilala, waulize kuhusu maski ya pua tu.

Vile vitundu vidogo vya mbele usivizibe hata vikimpulizia mtu usoni. Ndimo hewa chafu inamotokea.

#13 Jicho_Linaandika

Mimi ilinichukua wiki tatu. Wiki ya kwanza niliichukia.

Mwambie asipambane nayo. Avute kidogo tu, kisha aiache imalizie. Na "inanipulizia kabla sijawa tayari" ni jambo la kurekebishwa kwenye mashine, si kosa lake. Kuna jinsi ya kuifanya isubiri mvuto wake, na jinsi ya kuifanya hewa ipande taratibu badala ya kupiga kofi. Wapigie waliomwekea. Walinirekebishia mara nne.

Sasa naivaa saa ishirini kwa siku. Mchana natumia mrija wa mdomoni, nanyonya hewa nikitaka, naachia nikitaka kuongea.

#14 Mkesha

Nimewapigia. Wamebadilisha vitu viwili vitatu, wakaongeza kile kichombo cha maji cha kulainisha hewa kwa sababu pua ilikuwa inakauka. Tunafanya mchana kama Nesi alivyosema. Jana dakika arobaini, akasinzia nayo. Sikumwamsha.

#15 mtoto_wa_pili

Naomba kuchangia upande ambao haujaguswa. Baba yangu alizoea mashine vizuri, alikuwa analala kama mtoto. Kilichomwondoa ni mafua. Mafua ya kawaida, sote nyumbani tuliyapata tukapona. Yeye makohozi yakakaa kifuani, anakohoa sauti inatoka "hh, hh", kitu hakipandi. Siku ya nne ikawa nimonia. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba kikohozi nacho ni msuli.

#16 FizioMstaafu

Pole sana mwanangu. Na umesema kweli, kikohozi kinasahaulika.

Ili ukohoe unahitaji mambo matatu: uvute hewa nyingi, ufunge koo, usukume kwa misuli ya tumbo na kifua. MND inaweza kuharibu yote matatu. Tunapima kwa kumwambia mtu akohoe ndani ya kifaa. Chini ya lita 270 kwa dakika, mafua yakija atapata tabu. Chini ya 160, hata siku za kawaida makohozi hayatoki.

Mkesha, muulize fizio wenu kuhusu kurundika pumzi. Nilikuwa nafundisha hivi: mgonjwa anakaa, mimi nashika mfuko wa mpira wenye vali inayozuia hewa isirudi. Anavuta, nabonyeza mfuko, nasema "shika". Anafunga koo. Anavuta juu yake tena, nabonyeza, "shika". Mara ya tatu unaona mabega yanapanda na mbavu zinafunguka, mbavu ambazo hazijafunguka hivyo kwa miezi. Kisha "kohoa!", na mkono wangu unasukuma juu ya tumbo wakati huohuo. Sauti inabadilika kabisa. Mzee mmoja aliposikia kikohozi chake mwenyewe alinitazama kama mtu aliyesikia sauti ya ndugu yake. Mara mbili kwa siku, si baada ya kula.

Hilo likishindikana ipo mashine ya kukohoza: inasukuma hewa ndani, halafu ghafla inaivuta nje, na makohozi yanafuata. Wengi huwatisha mwanzoni, inatikisa. Wenye koo lililoharibika sana haiwafai kila mara kwa sababu koo linaweza kujifunga hewa inapoingia. Inahitaji mtu anayejua kuipunguza.

Na chanjo ya mafua, kwa mgonjwa na kwa kila anayelala nyumba ile.

#17 kimya_kimya2

Baba mkwe, MND yake ilianzia mdomoni, maneno yamepotea, mate yanamwagika muda wote. Mashine inampalia. Kuna njia?

#18 Nesi_wa_Zamu

Ndiyo walio wagumu zaidi, lakini usifunge mlango. Kwanza tofautisha: mate mepesi yanayomwagika, au makohozi mazito yanayonata kooni? Mepesi yanakaushwa: viraka vya hyoscine nyuma ya sikio, glycopyrronium, matone ya atropine chini ya ulimi, ikishindikana sindano ya botulinum kwenye tezi za mate. Mazito yanataka kinyume chake: maji ya kutosha, carbocisteine, mvuke wa maji ya chumvi. Ukimpa dawa ya kukausha mtu mwenye makohozi mazito unamtengenezea gundi, na nimeona ikifanyika. Mashine ya kufyonza mate iwe karibu na kitanda, mfyonze kabla ya kuvaa maski. Kipimo chochote cha dawa apange daktari wake.

#19 Mtafiti_wa_Mtandaoni

Wakuu mbona mnahangaika na maski? Kuna betri inapandikizwa, inaistua dayaframu ifanye kazi kwa umeme. Nimeona video, watu wanaamka.

#20 FizioMstaafu

Hiyo hufaa baadhi ya waliovunjika shingo, kwa sababu neva yao ya dayaframu iko hai, imekatiwa amri tu. Kwenye MND neva yenyewe inakufa. Waingereza waliijaribu kwa wagonjwa 74 wa ALS, wote wakiwa na mashine ya maski, nusu wakaongezewa hiyo betri. Matokeo yalitoka 2015. Waliowekewa waliishi miezi 11 ukichukua wa katikati, wasiowekewa 22.5. Umeusoma vizuri, ni nusu. Mwombe aliyepandisha hiyo video aeleze.

#21 Mtafiti_wa_Mtandaoni

Duh. Nimeelewa. Na kutobolewa koo je? Stephen Hawking, yule mwanafizikia mwenye ALS, si alitobolewa akaishi miaka mingi?

#22 Jicho_Linaandika

Alitobolewa 1985 baada ya nimonia, akafa 2018. Ila aligunduliwa ana miaka 21, na ugonjwa wake ulitembea polepole kuliko wa karibu kila mtu. Usimpime mgonjwa wa kawaida kwa yeye.

Mimi nimeulizwa na nimekataa. Sababu ni zangu. Tundu la shingoni linaweza kukuongezea miaka, kweli. Lakini ugonjwa hausimami, na kuna anayefika mahali hata macho hayaendi. Na linataka mtu macho usiku na mchana wa kufyonza makohozi. Kwangu mtu huyo ni mke wangu peke yake. Japani wengi wanalichagua kuliko Ulaya. Hakuna aliyekosea. Ubaya ni kutobolewa usiku wa dharura bila kuulizwa kwa sababu hamkuwahi kuzungumza.

Yangu nimeiandika nikiwa bado na akili ya kuandika. Nimeandika pia kwamba siku nikisema maski itoke, itoke baada ya kupewa morfini na dawa ya kutuliza, nisihisi kukabwa. Daktari wangu amesaini.

#23 mtoto_wa_pili

Asante kwa kuandika hilo, mkuu. Sisi hatukuwahi kumuuliza baba.

#24 Mkesha

Nimechelewa kurudi, ni miezi minne sasa.

Anavaa saa saba hadi nane kwa usiku. Kichwa cha asubuhi kiliacha wiki ya pili, ndoto za maji pia. Kaboni imeshuka hadi 5.6. Spirometa ya kukaa imekuja 54, yaani ugonjwa unaendelea na safari yake, hakuna aliyetudanganya kuhusu hilo. Kwa hiyo wametushauri mpira wa kulishia tumboni uwekwe sasa, kabla spirometa haijashuka chini ya 50, kwa sababu baada ya hapo hata kulazwa kwa utaratibu ule ni hatari. Anameza bado, ila amekubali. Umewekwa wiki iliyopita, akiwa na maski usoni.

Betri ya akiba nimeijaribu kwa kuchomoa waya mchana huku amekaa, ikashika saa tatu na nusu. Nimeandika muda huo kwenye karatasi nikaibandika juu ya mashine. Maski yake ina vali inayofunguka mashine ikizima, avute hewa ya chumbani, nayo tumeijaribu.

Mambo aliyoyasema Jicho #22 tulisoma pamoja, nikiwa namshikia simu. Alinyamaza. Baada ya siku mbili akaanza mwenyewe: "Lile la shingoni mimi sitaki. Hili la puani nalitaka mpaka nitakapokwambia." Tumeenda kuandika.

Mashine ameipa jina, anaiita mume mwenza. Usiku nikichelewa kuiwasha ananiuliza mbona namwonea mwenzangu wivu.

Swali dogo la leo: kile kichujio cha nyuma, cheupe, kimekuwa cha kijivu. Naosha?

#25 Nesi_wa_Zamu

Cheupe chembamba hakioshwi, tupa weka kipya. Kama kuna kingine cha sponji cheusi, hicho ndicho cha kuosha, kikauke kabisa kabla hujakirudisha. Na kichombo cha maji kimwage kila asubuhi, usiongezee juu ya maji ya jana. Msalimie mama, na huyo mwenzako.